Mbwana, ile kahawa yangu irudi

London, Jumapili usiku

Ndugu yangu Mbwana,

Salaam nyingi, na naomba radhi kabla hujaanza kunitukana. Miezi minane kimya, najua. Ujumbe wako wa sauti wa Idi nimeusikiliza mara tatu, na kila mara nasema nitajibu kesho. Kazi hii ya kulea wazee haijui Idi wala Krismasi, na mwezi uliopita zamu zangu mbili hazikuingia kwenye malipo. Nikipiga simu naambiwa nisubiri, nasubiri, napiga tena, naambiwa nisubiri. Tuyaache hayo. Mama hajambo? Na ule mguu wake?

Aliyenifanya nikae niandike ni Hiza. Kaniambia mechi ya maveterani umeikataa, na daluga zako umempa mtoto wa dobi. Eti wewe sasa ni mtu wa grisi na injini za boti, mpira waachiwe wenyewe. Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Nitalirudia hilo.

Kwanza deni langu. Unaukumbuka ule ubishi wa kijiweni Ngamiani, juu ya mweusi wa kwanza kucheza mpira huku Uingereza? Ukasema Arthur Wharton, kipa aliyezaliwa Accra akadakia klabu ya Preston North End ya huku, na ukalisema kwa sauti ile kubwa unayoitumia ukiwa huna uhakika. Mimi sikuwa na jina la kujibia. Nikanunua kahawa na kashata baraza zima, hadi wale wazee wawili wa bao ambao hata hawakujua tunabishania nini. Basi irudi kahawa yangu, na kashata zake. Wharton ndiye anayetajwa zaidi kuwa wa kwanza kulipwa, hilo nakuachia. Lakini kabla Wharton hajajulikana kwenye mpira, alikuwepo Andrew Watson, na huyu hakucheza tu, alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uskoti. Mwaka 1881, Mbwana! Nani kwetu aliyekuwa anajua mpira ni kitu gani 1881?

Alizaliwa Demerara, Guyana ya leo, mwaka 1856. Baba yake Mskoti aliyefanya shughuli zake huko kwenye mashamba ya miwa, mama yake mwanamke wa hukohuko, Hannah Rose. Utumwa ulikuwa umefutwa kama miaka ishirini tu nyuma, kwa hiyo mengine jaza mwenyewe. Baba akamchukua yeye na dada yake akawaleta Uingereza. Akasoma Halifax, akasoma London, na baba alipofariki 1869 akamwachia urithi wa kutosha. Kwa hiyo usinianzie ile hadithi ya mtoto wa chandimu pekupeku. Huyu aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1875 kusoma hesabu na uhandisi. Alikaa mwaka mmoja tu akaacha, maana mpira ulikuwa umeshamshika. Wewe na ule mwaka wako wa ufundi mnafanana hapo.

Akachezea klabu ya Maxwell, kisha Parkgrove, na Parkgrove alikuwa pia katibu wa kupanga mechi. Mwaka 1880 akachukuliwa na Queen's Park, klabu ya Glasgow, na kwa wakati ule ukisema Queen's Park umesema mpira wa Uskoti wote. Ridhaa tupu, hakuna mshahara. (Wamebaki ridhaa hadi 2019, unaweza kuamini?) Nako pia alikuwa katibu. Mtu anapiga beki jioni, usiku anaandika barua za klabu. Sisi katibu wetu alikuwa Kapteni Dhahabu, na daftari la michango hatujaliona mpaka leo.

Sasa sikiliza mechi yenyewe. Tarehe 12 Machi 1881, The Oval, uwanja wa kriketi hapahapa London. Mechi yake ya kwanza ya taifa, na unahodha akapewa siku hiyohiyo. Waingereza enzi zile walikuwa watu wa chenga: mtu akiupata mpira anakwenda nao mwenyewe hadi anyang'anywe, wenzake wanamfuata nyuma kama watoto wanaofuata ngoma. Waskoti walikuwa wameshajifunza kupeana pasi. Unamwona Bakari enzi zake, hatoi mpira mpaka aanguke? Sasa fikiria Bakari kumi na mmoja wanacheza na timu inayogongeana. Uskoti 6, Uingereza 1. Hadi leo Uingereza hawajafungwa zaidi ya hapo wakiwa kwao. Baada ya siku mbili wakaenda Wales, 5-1. Mwaka uliofuata Waingereza wakapanda Glasgow kulipiza, 5-1 tena. Mechi tatu, ameshinda tatu, beki aliyeruhusu mabao matatu tu. Juu ya hapo Kombe la Uskoti na Queen's Park, 1881, 1882 na 1886.

Kitabu cha mwaka cha chama cha soka cha Uskoti cha msimu ule kinamsifu: ana mbio, anajua kunyang'anya, shuti lake zito na la uhakika. Rangi yake hakikuigusa. Husimuliwa kwamba kilichowashangaza watu uwanjani ni viatu vyake, wengine wote wamevaa vyeusi, yeye vya kahawia. Siamini kwamba hakuna aliyemtukana, mimi nimeshaishi huku, najua watu. Ila hiyo ya viatu imenikaa.

Halafu ikawaje? Alihama, basi. Mwaka 1882 akahamia London, na enzi zile Uskoti hawakuchagua mtu anayecheza Uingereza. Timu ya taifa ikaishia hapo, akiwa na miaka 26 tu. Muda si mrefu akafiwa na mke. Aliendelea kucheza, na 1884 alikuwa na klabu ya Corinthian walipowachapa Blackburn Rovers 8-1, akarudi Queen's Park kwa muda, kisha akaenda klabu ya Bootle, jirani na Liverpool. Na kilichoanzia Liverpool, Mbwana, ndicho sababu ya barua hii.

Alikalia mtihani akawa injinia wa meli.

Soma tena. Nahodha aliyewatia Waingereza sita akashuka chumba cha injini, makaa, mvuke, mafuta hadi kwenye kucha, akafanya kazi hiyo miaka mingi. Alifariki Machi 1921 kwa nimonia, Kew. Watu wakamsahau kiasi kwamba kuna walioandika amefia Australia, kumbe amezikwa Richmond, basi mbili kutoka ninapolala.

Nilikwenda Jumatano. Mvua ile ya huku isiyonyesha wala kukatika. Nilizunguka sana, viatu vimejaa matope, kindi mmoja ananiangalia kama mlinzi. Kaburi lilikuwa limechakaa miaka na miaka, likaja kutengenezwa juzijuzi tu. Dini yake si yangu, sikujua nisome nini, nikasimama na kofia mkononi. Akapita mzee na mbwa wake akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikamwambia ndiyo. Usiniulize kwa nini, lilinitoka tu.

Na pale nilikuwa nakufikiria wewe na grisi yako. Unavyosema utadhani kuna mtu alikuvua jezi akakuvalisha ovaroli kwa adhabu. Sijui, labda nakosea, mimi sikai humo kwenye joto na makelele. Lakini ile kanzu uliyompiga beki mbele ya uwanja mzima wa Mkwakwani haikufutika siku uliposhika spana. Mimi nilikuwepo. Hiza alikuwepo, ingawa yeye husema ilikuwa tobo.

Haya niambie. Ule mtihani wa cheti umeukalia au umeahirisha tena? Boti bado inapiga Pemba, au imelala gati na ile pampu? Vijana unaofanya nao kazi chini wanajua ulikuwa nani, au huwaambii? Unadhani Watson aliwaambia wenzake? Mtoto wa dobi daluga zimemtosha? Maana kama hazijamtosha zirudishe, mechi bado wiki tatu. Na picha yetu ya kikosi anayo nani, Bi Mwanjaa au Hiza? Nitumie basi, ya kwangu ililowa kwenye sanduku.

Kahawa utamnunulia mama kwa niaba yangu. Kashata mbili, ya nazi na ya karanga.

Wako,
Sefu