Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Walikuwa wangapi El Adde?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Lanet, hapa Nakuru. Tunaishi ubavuni mwa kambi ya jeshi, na ni ploti chache mno zisizo na mke, mama au mtoto wa mwanajeshi.

Sipingi majeshi yetu kuvuka mpaka. Walipoingia Somalia Oktoba 2011, niliunga mkono kwa moyo wote. Watalii walikuwa wametekwa nyara Lamu, na wafanyakazi wa misaada Dadaab. Kismayu ilipokombolewa mwaka uliofuata, tulijivuna, na fahari hiyo ningali nayo.

Kisha ikaja Januari 15, 2016. Al-Shabaab waliivamia kambi yetu ya El Adde, huko Somalia, alfajiri. Rais wa Somalia wa wakati huo alitaja waliouawa kuwa karibu 200. Serikali yetu ilikanusha, lakini idadi yake yenyewe haikuitoa. Jirani yangu alimzika mwanawe mwezi huo, na kila Januari ikifika huniuliza swali lilelile: "Walikuwa wangapi?" Haulizi habari ya fidia, Mheshimiwa. Anataka kuwajua wenzake waliofiwa siku ile, akae nao, walie pamoja.

Mnasema ni siri ya kijeshi. Siri ya nani, ikiwa adui aliwahesabu na hata kuwapiga picha?

Leo tunatumwa kila upande. Goma tuliingia Novemba 2022, tukaondoka Desemba 2023 baada ya Kongo kukataa kuongeza muda. Polisi wetu walisafiri kwenda Haiti Juni 2024, ilhali Januari Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kuwapeleka huko. Kuhusu jeshi, Kifungu cha 240 cha Katiba kinadai idhini ya Bunge. Mbunge ataidhinishaje safari mpya ikiwa hajaelezwa gharama ya ile ya kwanza?

Ninaomba jambo moja tu. Kabla kikosi kingine hakijapanda ndege, peleka Bungeni orodha ya waliokufa El Adde, na ya Kulbiyow, kambi yetu nyingine Somalia iliyovamiwa Januari 2017, yasomwe majina yote, moja baada ya jingine. Tutangazie siku. Jirani yangu nami tutapanda matatu alfajiri, tuje tukae pale juu wanapoketi wananchi, tusikilize hadi jina la mwisho.

Mkazi wa Lanet, Nakuru