Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama: Klabu ya Soka ya Wanawake, Tanga, Mwaka 2025

Ndugu wajumbe wa Mkutano Mkuu, wazazi na walezi mlioalikwa, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tangu dirisha la usajili lifungwe, swali ambalo kamati imeulizwa kuliko yote ni kwa nini hatukusajili mshambuliaji. Fedha za kumlipa mmoja kwa msimu mmoja zilikuwepo. Kamati ya Utendaji iliamua ziende kwenye usafiri, kinga ya magoti, mavazi na mikataba ya wasichana tulionao. Taarifa hii inaeleza sababu na matumizi, nanyi mtapima.

Timu ya wakubwa imemaliza ya tatu katika ligi ya mkoa. Matokeo ya mechi zote yamo kwenye taarifa ya Katibu. Kinachotusumbua zaidi ya jedwali la ligi ni daftari la mahudhurio. Kikosi cha chini ya miaka 17 huanza mwaka kimejaa, na kufikia Septemba kimetoboka, hasa kwa wasichana wa kidato cha pili na cha tatu. Meneja wa timu alipowafuata majumbani, sababu zilikuwa zilezile: giza la kurudi nyumbani, goti linalouma, mavazi, na siku za hedhi kwenye uwanja usio na choo. Hakuna aliyesema ameuchoka mpira.

Na njia ya mbele ipo. Ligi Kuu ya Wanawake inachezwa tangu msimu wa 2016/17. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, na Julai 2025 Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika nchini Morocco, mara yao ya pili baada ya 2010. Klabu ya mkoani kama yetu haiwezi kushindana kwa mishahara na klabu za Ligi Kuu. Kazi yetu ni kumfikisha msichana umri wa miaka 18 akiwa bado anacheza na goti lake likiwa zima. Mshambuliaji wa kukodi hasaidii hilo.

Usafiri na muda

Zamani tuliwapa wachezaji nauli mkononi. Matokeo yake yanajulikana: fedha inanunua daftari au unga, msichana anarudi kwa miguu, mzazi anamzuia. Kuanzia Aprili tumekodi Hiace kwa mwezi, safari ya kurudi tu, njia mbili: Pongwe na Mikanjuni. Mazoezi yanaanza saa 10 alasiri na filimbi ya mwisho ni saa 11:40, kocha awe amemaliza au hajamaliza. Gari linaondoka saa 12 kasoro. Hapo mwanzo makocha walilalamika kwamba dakika zimepungua. Dakika zilizokuwa zikipotea ni zile za kusubiri wachelewaji, na sasa wachelewaji hawasubiriwi.

Mwezi wa Ramadhani kikosi kilifanya kazi nyepesi ya dakika 40 karibu na magharibi, pasi fupi na mipira iliyokufa kama kona na faulo, bila mbio za kasi, ili aliyefunga afike kwenye maji na futari mapema. Mazoezi ya nguvu yalihamia mwisho wa wiki, baada ya futari, kwenye ukumbi wenye taa. Kwa wa kidato cha nne tumekubaliana na wazazi: Oktoba ni mazoezi mara moja kwa wiki, na Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa, hawaitwi kabisa. Msichana aliyelazimishwa kuchagua kati ya mtihani na timu huchagua mtihani, na hafanyi kosa. Tatizo ni kwamba baadaye huona aibu kurudi.

Magoti

Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa kuwa ndipo kocha na kamati walipovutana zaidi.

Wanawake huumia kano ya mbele ya goti, ile inayofahamika kama ACL, mara mbili au zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo huohuo. Mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji: ametua kutoka kuruka, au amekata kona kwa kasi, goti limeingia ndani na mguu umebaki umenata chini. Operesheni na mazoezi ya kurudisha mguu ni gharama ambayo hakuna familia hapa inayoimudu kirahisi, na kurejea uwanjani kusiwe chini ya miezi tisa hata kama mchezaji anajisikia amepona.

Kinga yake ni dakika 20 za kupasha mwili kwa utaratibu wa FIFA 11+, ambao hauhitaji kifaa zaidi ya koni sita kwa safu na mpira. Una sehemu tatu: mbio za taratibu dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, mbio za kasi zenye kukata kona dakika 2. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha majeruhi wakipungua kwa takriban theluthi. Lakini unafanya kazi ukifanywa wote, si chini ya mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Kinachoharibika ni kimoja kila mahali: muda ukibana, kocha anakata sehemu ya pili kwa sababu inachosha na haina mpira. Hiyo ndiyo inayojenga msuli wa nyuma ya paja na kufundisha goti kutua likiwa juu ya vidole vya mguu. Siku ya mechi tu ndipo sehemu ya pili inaachwa, ili miguu isiingie mchezoni imechoka.

Kwa hiyo tumeweka kanuni. Kocha msaidizi anasimama mbele ya safu, si pembeni, maana goti linaloingia ndani linaonekana kwa mbele. Zoezi la kupiga magoti na kuinamia mbele taratibu huku mwenzako amekushika vifundo linaanza na marudio 3 hadi 5 tu. Anayeanza na kumi atashindwa kutembea kesho yake, na keshokutwa haji.

Tatizo jingine ni njaa. Wengi hutoka shule wakiwa hawajala tangu asubuhi. Sasa kuna uji wa lishe na ndizi mbivu saa 9:30. Daktari wa timu amewaeleza wasichana na mama zao mambo mawili: mchezaji aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo aonwe na daktari, asisifiwe kwamba mwili umekuwa mwepesi, kwa sababu mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakilingani na kazi na mifupa itadhoofika, na chai isinywewe pamoja na mlo wa maharage au dagaa, inazuia madini ya chuma. Limau au chungwa husaidia.

Mavazi, mipira na uwanja

Hijabu imeruhusiwa rasmi katika sheria za soka tangu 2014, lakini ina masharti, na mwamuzi anayeyajua ana haki ya kumrudisha mchezaji nje. Iwe nyeusi au ya rangi kuu ya jezi, wote wanaovaa wawe na rangi moja, isishonwe pamoja na jezi, isiwe na pini wala kifungo shingoni, isiwe na kipande kinachoning'inia. Tumeshonesha kwa kitambaa cha jezi chenye kuvutika, nyeusi zote, mbili kwa kila anayevaa. Suruali za kubana za ndani ya bukta zifuate rangi ya bukta, na fulana za ndani zifuate rangi ya mkono wa jezi. Hili la pili ndilo lililokuwa likituchelewesha vyumbani, kwa sababu kila mchezaji alikuja na rangi yake.

Sidiria za michezo zimenunuliwa mbili kwa kila mchezaji, na vipimo alichukua mwanamke. Nasema hivyo kwa sababu oda ya kwanza ingeandikwa kwa saizi za jezi, na isingemfaa mtu. Mtunza vifaa anabeba taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza na hazigawiwi kwa kuandikishwa jina. Choo cha muda kina mlango unaofungwa kwa ndani, na ndoo ya maji.

Mipira sasa ni 20, saizi ya 5. Mpira halali una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mipira minne tuliyopewa msaada ilikuwa mizito kupita kiasi baada ya kunywa maji, ikatolewa. Tafadhali, mipira isiachwe juani kwenye bati. Nyuzi zinaachia na umbo linakuwa yai.

Goli la upande wa baharini lilipimwa: mtambaa panya, yaani mti wa juu wa goli, ulikuwa umelala katikati, chini ya mita 2.44 zinazotakiwa. Kipa anayefanyia mazoezi goli fupi anafungwa mipira ya juu siku ya mechi, kisha analaumiwa. Umebadilishwa. Magoli madogo ya kuhamishika sasa yanafungwa kwa vigingi vya chuma na magunia ya mchanga kila yanapotumika, kwani yakiangukia mtoto yanaua. Mistari haichorwi tena kwa chokaa ya ujenzi. Inaunguza ngozi na macho ikichanganyika na jasho.

Usajili, mikataba na ulinzi wa watoto

Usajili ni wa mtandaoni na kosa la herufi moja linaweza kumfanya mchezaji aonekane watu wawili. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, si kama lilivyo kwenye orodha ya shule. Wazazi ambao vyeti bado wavifuate sasa, wasingoje wiki ya mwisho ya dirisha.

Kuhusu mikataba, wengi wenu mnadhani msichana wetu akichukuliwa na klabu ya nje tutalipwa fidia ya malezi. Kanuni ya FIFA ya fidia hiyo haihusu soka la wanawake. Kinachobaki ni mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, inayogawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, na asilimia 5 ya ada ambayo haikulipwa ni sifuri. Wasichana wengi huondoka bure, mkataba ukiwa umeisha au haujawahi kuwepo. Ndiyo maana wakili mwanachama ametuandalia mkataba wenye kipengele cha gharama za malezi na asilimia ya mauzo ya baadaye. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi zaidi ya miaka mitatu, na mzazi anatia saini. Hatutaki kumfunga mtoto minyororo. Tunataka klabu inayomchukua ilipe uji wake.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na hao ndio zaidi ya nusu ya wachezaji wetu. Kocha hampakii mchezaji peke yake kwenye pikipiki. Ujumbe wa simu unakwenda kwenye kundi lenye wazazi. Safarini analala nao mlezi wa kike. Malalamiko yanapokelewa na wajumbe wawili wa kike wasio makocha, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi vimebandikwa ubaoni. Mjumbe aliyesema hatua hizi zinawatia makocha doa ajue kwamba zinawalinda nao pia.

Hoja za kupigiwa kura

Kamati inaomba ada ya mwezi ipande kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000. Nyongeza yote ni ya gari la jioni, na itawekwa kwenye hesabu yake peke yake, ionekane. Hoja ya pili ni kuajiri kocha wa makipa kwa muda wa nusu siku. Kwa sasa makipa watatu wanafundishwa na yeyote aliye karibu. Michango ipitie lipa namba ya klabu tu, si simu ya kiongozi yeyote, mimi nikiwemo.

Kura ni za karatasi. Mwenye deni la zaidi ya miezi mitatu amwone Mweka Hazina kabla ya saa 5, achukue risiti, ndipo jina lake liingizwe kwenye orodha ya wapiga kura.