YAH: MALALAMIKO – MAMA YANGU KUACHWA NA NDEGE AKIWA NDANI YA FOLENI YENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, heshima ambayo mama yangu hakuipata kwenu Ijumaa iliyopita usiku, Jengo la Tatu la Abiria, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Masharti ya tiketi unayajua kuliko mimi. Ndege ilikuwa ya saa saba usiku. Sisi tulikuwa kwenye foleni tangu saa tatu na nusu.

Saa sita kamili, mbele yetu wamebaki watu wanne, kijana wenu akafunga kaunta. Mama ana miaka 71, yuko kwenye kiti cha magurudumu, pasipoti mkononi. Akaambiwa, "Mama umechelewa, sogea upishe." Mtu aliyekaa kwenye foleni yenu saa mbili na nusu amechelewaje?

Kaunta zenu ni saba, mlifungua mbili. Mmeongeza ndege ya pili inayoruka dakika 40 baada ya ya kwanza, na abiria wa ndege zote mbili mnawapanga mstari mmoja. Msiusingizie uwanja. Jengo lile lilifunguliwa 2019 kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, lakini hesabu ya mwaka inamsaidia nini abiria mkirundika safari zenu zote ndani ya saa moja ya usiku? Heathrow, London, walipozidiwa mwaka 2022 waliweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku, wakayataka mashirika yaache kuuza tiketi zaidi za kiangazi. Ninyi je? Kesho yake ofisini kwenu mjini niliuziwa tiketi nyingine ya ndege hiyo hiyo, shilingi 1,350,000, huku naambiwa "uwanja ulijaa."

Narudia lile la saa sita, maana jibu lenu la barua pepe limelipita kama halikutokea. Mama hakusinzia. Hakutoka kwenda kunywa chai. Alinyoosha mkono kumpa kijana pasipoti, kijana hakuipokea. "Sogea upishe." Ampishe nani, na kaunta imeshafungwa? Mzee mmoja nyuma yetu akaanza kumwombea, kijana akazima taa akaondoka. Mama akanigeukia: "Mwanangu, nimekosa nini?" Na ndege yenyewe iliruka saa saba na dakika 35. Tuliisoma kwenye ubao, tumekaa palepale na mabegi yetu.

Naomba nirudishiwe hizo 1,350,000 pamoja na gharama za gesti, kwani tulitoka Tanga, na miadi ya daktari Chennai, India, imetupita. Tena fedha peke yake sizitaki. Nataka barua ya kumwomba mama radhi, kwa jina lake, yenye sahihi yako wewe Meneja, si ya "Huduma kwa Wateja". Na kaunta zote saba ziwe wazi usiku wenye ndege mbili.

Nilikusudia kuwapa siku 30. Nawapa 14. Siku ya 15 shauri hili litakuwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, na nakala kwa wakili.

Mama anasafiri tena Jumapili ijayo, na ninyi, kwa kuwa tumeshalipa. Tutafika saa moja jioni.

Wako,
Mtoto wa abiria mliyemwacha