Fedha za mgeni Komoro zipande hadi mlimani

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi za safari kuhusu Komoro katika magazeti yetu huanza na mchanga mweupe na kuishia kwenye bei ya hoteli. Mimi ni mkazi wa Unguja mwenye wajomba Nzwani, kimoja cha visiwa vya Komoro, na naomba nafasi niseme jambo ambalo makala hizo hulipita: uzuri anaoufuata mgeni kule pwani umo mikononi mwa mkulima aliye juu mlimani, na mkulima huyo utalii haujamfikia.

Visiwa hivi vyote ni vya volkeno, ila havilingani umri. Ngazija ndicho kichanga. Mlima Karthala, wenye mita 2,361, bado una moto, na ulipolipuka mwaka 2005 majivu yake yaliharibu maji ya mvua katika mabirika ya vijijini. Hasara hiyo si ndogo, kwani mwamba wa Ngazija hunyonya maji yote na kisiwa hakina mto wa kudumu. Nzwani ni kikongwe zaidi. Kina udongo wa rutuba, mabonde na mito. Niseme kilikuwa na mito, maana mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa huonekana wakati wa mvua tu. Msitu umefyekwa kwa ajili ya ndizi na majimbi, na kuni nyingi huteketea katika kukeneka mafuta ya mlangilangi yanayokwenda kwa watengenezaji manukato wa ng'ambo. Udongo uliokosa mizizi ya kuushika huporomoka hadi baharini na kuyafunika matumbawe, yale yale ambayo mgeni amelipa nauli kuja kuyaona.

Katika miti iliyosalia kwenye miteremko hiyo hulala popo wa Livingstone, ambaye mabawa yake yakitandazwa hukaribia mita moja na nusu. Duniani kote yupo Nzwani na kisiwa jirani cha Mwali tu, na inakadiriwa wamebaki kama 1,200 hadi 1,300. Ndiye anayesambaza mbegu za miti ya msitu. Lakini miti mingi anayolala imo ndani ya mashamba ya watu, na mwenye shamba ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana nalisifu shirika la Dahari la Nzwani, ambalo halikwenda kuwahubiria wakulima. Limekaa nao na kufikia makubaliano ya kuilinda miti hiyo.

Mwali wamekwenda mbele zaidi. Hifadhi yao ya bahari, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 2001 kwa kukubaliana na vijiji, na mwaka 2020 UNESCO ilikitambua kisiwa kizima kuwa hifadhi ya baiyosfia, yaani eneo ambamo maisha ya watu na uhifadhi wa viumbe huenda pamoja. Kule Itsamia wanakijiji wenyewe hulinda fukwe wanakotaga kasa na kuwaongoza wageni usiku. (Msomaji atakayebahatika kufika, tafadhali azime taa ya simu, kasa jike akimulikwa huweza kurudi baharini bila kutaga.) Hata hivyo, fedha za wafadhili zilipopungua miaka ya mwanzo, usimamizi wa hifadhi ulilegea. Hapo ndipo kiingilio cha mgeni kingefaa, mradi kisipotelee mjini.

Jambo hili si geni kwetu. Katika msitu wa Jozani hapa Unguja, kima punju walipokuwa wakila mazao, wakulima wa jirani walianza kupewa sehemu ya viingilio vya watalii. Visiwa vya Galápagos, navyo vya volkeno, mwaka 2024 vilipandisha ada ya wageni wengi wa nje kutoka dola 100 hadi 200. Sisemi Komoro iige kiwango hicho, kwani wageni wake bado ni wachache. Na uchache huo ni nafasi: ni rahisi kuwaandikia haki yao wenye mashamba sasa kuliko baada ya hoteli kubwa kujengwa na kila senti kuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wako, watakapoandika tena kuhusu Komoro, wawaulize wenye kampuni za safari swali moja: katika fedha anazolipa mgeni, kiasi gani kinamfikia mtu mwenye ule mti wa popo? Jibu lichapishwe pamoja na bei ya chumba.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Malindi, Unguja