Shujaa asiyeua si lazima awe mwenye haki

Ndugu Mhariri,

Kila inapotoka filamu mpya ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, mjadala makanisani hugawanyika pande mbili. Wapo wanaohesabu maiti: damu imezidi, vijana wasitazame. Wapo wanaomtafuta Kristo ndani yake: shujaa ametoka juu, amejitoa kwa ajili ya wengine, basi tumhubiri Jumapili. Wote wanaliruka swali ambalo Wakristo wamelijadili kwa karne nyingi: nani amempa huyu mtu ruhusa ya kupiga?

Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa karne ya 13, alitaka mambo matatu kabla vita haijaitwa ya haki: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Aliandika kuhusu majeshi, lakini masharti hayo yanampima vizuri hata steringi wa filamu. Sababu haikosekani kamwe; watunzi huhakikisha adui ametenda uovu mbele ya macho yetu. Nia huwa imechanganyika na uchungu wa msiba. Mamlaka ndiyo haipo. Punisher, mhusika wa vitabu vya katuni aliyeanza kuonekana mwaka 1974 na anayewaua wahalifu, ana sababu (familia yake iliuawa) na hana kingine. Daredevil, shujaa mwingine wa katuni, ni mfano mgumu zaidi, kwa kuwa ni mwanasheria Mkatoliki: mchana anaitumikia mahakama, usiku anaikwepa.

Wengi hunukuu Warumi 12:19, “Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana,” wakaishia hapo. Paulo hakuigawa barua yake kwa sura. Mistari michache mbele, 13:4, anamtaja mwenye mamlaka ambaye “hauchukui upanga bure.” Kisasi alichonyang’anywa mtu binafsi hakikuachwa hewani. Shujaa wa barakoa hayumo katika sura ya 12, maana hakuiachia Mungu ghadhabu, wala hayumo katika ya 13, maana hakuna aliyemkabidhi upanga.

Watunzi wana jibu lao: polisi wamehongwa, hakimu amenunuliwa, mnyonge akimbilie wapi? Hoja hiyo ina uzito, na Biblia haiwafichi mahakimu wa namna hiyo. Lakini tazama Amosi anavyowakabili. Katika 5:12 anawashtaki wapokea rushwa wanaompindua mhitaji langoni, mahali kesi zilipokuwa zikisikilizwa. Katika 5:15 anataka haki isimamishwe palepale langoni. Alisema hadharani, kuhani Amazia akamjua kwa jina na kumwambia akimbilie Yuda. Nabii anadai mahakama itengenezwe. Shujaa wa barakoa anaizunguka.

Ndiyo maana kuhesabu maiti ni kipimo kibovu. Katika hadithi yake ya kwanza, mwaka 1939, Batman anampiga mtu ngumi hadi anatumbukia kwenye tangi la asidi, kisha anaona huo ni mwisho unaomfaa. Mwiko wake wa kutoua ulikuja baadaye, kwa agizo la mhariri. Wazazi huuona mwiko huo kama dhamana. Lakini shujaa huyohuyo asiyeua humning’iniza mtuhumiwa juu ya ghorofa mpaka ataje jina, na katika filamu jina hilo karibu kila mara huwa la kweli. Hapo ndipo uongo ulipo. Mtu anayening’inia atataja jina lolote litakalomrudisha chini. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu, na mstari wa 18 unawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii, kwa sababu shahidi anaweza kuwa mwongo. Filamu isiyo na maiti hata mmoja inaweza kumfundisha kijana kwamba mateso ni njia ya mkato ya kuufikia ukweli. Kwangu hilo ni baya kuliko vita vya mwisho vyenye milipuko mia.

Wa upande wa pili nao wana kesi ya kujibu. Filamu ya Superman ya mwaka 2013 ilipotoka, wachungaji waliandaliwa hadi maelezo ya mahubiri kwa ajili ya kuitangaza. Ndani yake shujaa anaketi kanisani, nyuma yake kioo cha rangi chenye Yesu akiomba Gethsemane. Mwishoni anamvunja adui yake shingo. Gethsemane ndipo Petro alipoambiwa, “Rudisha upanga wako mahali pake.” Mtu anaweza kukitetea kitendo kile, kwa kuwa familia ilikuwa karibu kuunguzwa, lakini asikitetee kwa kioo kile.

Samsoni naye huitwa kutoa ushahidi wa kuwatetea mashujaa hawa. Asomwe mpaka mwisho: Waamuzi 13:5 inasema ataanza kuwaokoa Israeli, haisemi atamaliza, na sala yake ya mwisho inaomba kisasi cha macho yake mawili. Niongeze kwamba Wamenoni na makanisa mengine ya amani, yanayokataa Mkristo kutumia silaha, hawaridhiki hata na masharti ya Aquinas. Ungamo la Schleitheim la mwaka 1527, tamko la imani la Waanabaptisti waliowatangulia, linakiri kwamba upanga ni agizo la Mungu, ila nje ya ukamilifu wa Kristo, yaani si kazi ya Mkristo. Sikubaliani nao kikamilifu, lakini kijana asikie kwamba msimamo huo upo.

Kwa kiongozi anayetaka kulijadili hili na vijana: chagua tukio moja la dakika tano, si filamu nzima, na usichague vita vya mwisho. Adui awe binadamu, mwizi au mlanguzi. Ukileta roboti au viumbe wa sayari nyingine mjadala utakufa, maana hakuna anayeulizia haki za roboti. Simamisha picha kabla ya ngumi ya kwanza. Uliza shujaa amejuaje kwamba huyu ana hatia, na ni nani angemwajibisha kama amekosea. Endelea mpaka adui aangushe silaha, simamisha tena, uliza kila pigo linalofuata ni la nini. Aquinas aliruhusu kujilinda, lakini si kwa nguvu kupita inayohitajika. Kisha waulize mtunzi alifunga milango gani ili kipigo kionekane njia pekee: simu haikupatikana? polisi walichelewa? Usianze na “Yesu angefanya nini,” kwani utapewa jibu la Shule ya Jumapili na kila mtu atanyamaza. Muda ukiwa mfupi, acha swali la milango. Lile la hatia usiliache.

Msomaji wako,
Mwalimu wa vijana kanisani