Mhariri, ile ham ya bia haiendani na paja la bucha zetu

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu yale mapishi ya ham na bia mliyoweka kwenye ukurasa wa jikoni, yale yenye picha ya paja la nguruwe limekatwa slaisi za pinki na chupa ya bia imesimama pembeni inatoka jasho. Tangu gazeti litoke simu yangu haijatulia, maana mi napikia shughuli huku Moshi na Arusha, kipaimara, sendofu, harusi, na wateja wananitumia ile picha, dada tunataka hii hii kwenye sherehe ya mtoto. Sina ugomvi na nguruwe wala na bia (ndugu zetu Waislamu mtanisamehe, barua hii irukeni muende kwenye michezo), ugomvi wangu ni kwamba mmetupa mapishi ya nyama ambayo wasomaji wenu wengi hawana, na hamkusema.

Ham ya kwenye ile picha ni paja lililolazwa kwenye maji ya chumvi siku kadhaa, likawekewa na naitraiti (ile chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama), likapigwa moshi, na mara nyingi likaivishwa kabisa kiwandani kabla halijafungwa kwenye plastiki. Ndo maana mapishi yanakwambia paka masta (haradali) na sukari, mwagia bia, tia oveni saa moja na nusu, kula. Pale hupiki kitu, unapasha tu, katikati ikifika nyuzi 60 imetosha. Ham ya hivyo ipo, supamaketi za Arusha wanazonunua watalii unaipata, ila ikiwa nzima nzima kwa bei ile mtu wa kawaida ataiangalia kwenye kioo arudi zake. Atakachofanya ataenda bucha ya kitimoto mtaani kwake, Mangi nipe paja zima, na Mangi atalishusha kwenye ndoano, atalitenga goti kwa shoka mara moja, atamfungia na ngozi yake yenye vinywele viwili vitatu vilivyokwepa wembe. Hilo ni paja bichi. Litie oveni saa moja na nusu kama mlivyoandika, nje litapata rangi ya kahawia litang'aa mpaka watu wapige picha, halafu kisu kikifika kwenye mfupa kinatoka na damu. Niliwahi kualikwa shughuli moja Njiro likakatwa paja la namna hiyo, MC anahamasisha vigelegele, mpishi anakata anasita, anakata anasita, mwisho likarudishwa jikoni limefunikwa kitambaa, tukala pilau na kuku.

Na ile pinki ndo mtego wenyewe. Ham inabaki pinki hata uipike mpaka uchoke, kwa sababu naitraiti inashikana na rangi ya asili ya nyama na moto hauiondoi tena. Paja bichi halina hiyo kitu, likiiva linakuwa jeupe la kijivujivu, ndivyo lilivyo. Sasa msomaji wenu aliyeweka ile picha mbele yake anafungua oveni anakuta pinki anafurahi, kumbe anaangalia ubichi, au anaona nyama imeanza kuwa kijivu anadhani inaharibika anaiwahi kuitoa. Na tafadhali asije mtu akaenda kutafuta naitraiti madukani ili apate rangi, ile inapimwa kwa gramu chache sana kwenye mizani ya uhakika na ikizidi ni sumu, waachieni wenye viwanda.

Nguruwe mbichi huku kwetu sio suala la ladha. Kaskazini hii, na Mbulu ndo imeandikwa sana na watafiti, kuna tegu wa nguruwe. Nguruwe anayezurura akala kinyesi cha watu anabeba vifuko vya tegu kwenye misuli, vyeupe kama punje za mchele, ukila haijaiva unapata mnyoo tumboni, halafu mayai ya huo mnyoo yakitoka chooni yakaingia kwenye chakula au maji, yako au ya jirani, vifuko vinaweza kuota mpaka kwenye ubongo na mtu akaanza kuanguka kifafa, na watu watasema karogwa. Kwa hiyo kwanza muhuri wa mkaguzi wa nyama, mi Mangi wangu ananigeuzia paja upande wenye muhuri kabla sijafungua mdomo maana anajua ntauliza, kisha moto wa kweli. Kiwango cha Wamarekani kwa nguruwe mbichi ni nyuzi 63 katikati ya nyama halafu unaipumzisha dakika 3, hapo usalama upo, lakini paja la nguruwe wetu ukilitoa kwenye 63 utatafuna mpaka kesho, mi nalipeleka 85 mpaka 90 ndo linaachia mfupa. Kipimajoto cha nyama ni kitu kidogo tu, kichomeke karibu na mfupa bila kuugusa, ukigusa mfupa kinakudanganya.

Basi kwa anayetaka ile ladha kwa paja la bucha naomba mchapishe hivi. Kila lita ya maji weka gramu 80 za chumvi na sukari guru kidogo, karafuu, pilipili manga nzima, kitunguu saumu umekiponda na maganda yake, chemsha, kisha poza mpaka maji yawe baridi kabisa. Zamisha paja la kilo kama 3 hivi, lifunikwe lote, likae siku mbili ndani ya friji. Ndani ya friji nasema, sio kwenye ndoo nyuma ya jiko, joto la Moshi la Februari mnalijua. Ukilitoa lisuuze na yale maji yamwage, asikudanganye mtu kwamba ni supu. Sufuria kubwa, maji mapya, kitunguu, tangawizi, na bia chupa moja ya nusu lita, ila ifungue mapema gesi itoke, maana ukimimina bia ya baridi yenye gesi kwenye sufuria inayochemka na mafuta juu, povu linapanda linamwagika linazima mkaa na unaanza upya kuwasha huku wageni wako njiani. Punguza moto, itokote polepole, hesabu nusu saa kwa kila nusu kilo, kwa paja hilo ni kama masaa 3. Watu wa Arusha ongezeni kidogo, mko kama mita 1,400 juu ya bahari na maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Moshi mjini ni kama 97, na walioko Marangu na Kibosho juu huko msishangae nyama inachelewa mkadhani nguruwe ni mzee, mlima ndo unaowachelewesha. Likiiva vua ngozi, acha mafuta, yachore kwa kisu mistari ya kukatizana, paka mchuzi wako, halafu oveni ya moto mkali nusu saa, na kama huna oveni weka mkaa juu ya mfuniko kama tunavyooka keki, inatoka safi kabisa.

Sasa bia. Mliandika "bia yoyote", hapana jamani. Uchungu wa bia unatoka kwenye hopsi, yale maua machungu wanayotengenezea bia, na uchungu ule hauruki na mvuke, maji yanaondoka wenyewe unabaki sufuriani. Chukua bia ya nusu lita uichemshe mpaka ibaki mililita 100 ili upate ule mchuzi mzito wa kupaka mlioutaja, umeshapata uchungu mara 5 ya ule wa kwenye chupa, hata umwage asali nusu chupa ulimi utakuta tu. Laga zetu nyepesi mi nazitia kwenye sufuria kubwa ambako maji ni mengi, kwenye kupaka natia vijiko vichache tu mwishoni mwishoni pamoja na masta, sukari guru na supu kidogo ya paja, na naonja kila mara kwa sababu ile supu nayo ina chumvi. Bia nyeusi ndo Waingereza na Waairishi wanaipenda kwenye ham, na Wajerumani wa Bavaria wanaimwagia nguruwe wakati anaiva oveni, inaleta rangi nzuri na ladha ya kimea kilichokaangwa, lakini nayo ina uchungu wake, ongeza sukari.

Ila mkiniuliza mimi, tuko Uchagani, mbege ipo, bia ya chupa ya nini? Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, hopsi hamna humo, uchungu wake ni wa gome la mti wa msesewe na mpikaji mstaarabu hauzidishi, halafu ina ule uchachu unaokata mafuta ya nguruwe vizuri mno. Nunua ya siku hiyo hiyo, ya jana imeshakuwa kali. Chuja kwa kitambaa, rudia kuchuja, maana ule ulezi ukitulia chini unashika na kuungua na sufuria nzima inanuka, na usiitie mwanzo, itie saa la mwisho huku unakoroga. Ulezi kidogo utakaopita kwenye kitambaa unatosha kuufanya mchuzi uwe mzito wenyewe, unga huuhitaji. Kuna meku (mzee wa Kichaga) mmoja wa Old Moshi alinigombeza hadharani kwamba namwaga kinywaji cha wazee kwenye sufuria la nguruwe, nikamwacha aseme, jioni akatuma mjukuu aje kuulizia kama mfupa umebaki.

Kingine, mliandika kwamba pombe yote inaruka ikipata moto kwa hiyo hata watoto na wasiokunywa wale bila wasiwasi. Hiyo habari inapendwa sana ila haiko hivyo. Jedwali la wizara ya kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba pombe iliyochanganywa kwenye chakula na kupikwa nusu saa inabaki asilimia 35, saa moja 25, masaa mawili 10, masaa mawili na nusu bado 5. Tupige hesabu, chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25 za pombe yenyewe, ukipika nusu saa zinabaki kama 9, gawa kwa watu kumi ni chini ya mililita moja kila mmoja, kwenye lile sufuria la masaa 3 ndo kabisa hakuna cha kuhesabu. Hakuna atakayelewa, tusitishane. Lakini kuna mlokole ambaye kiapo chake hakina mililita, kuna mtu aliyeacha pombe kwa shida na harufu tu inamrudisha, kuna aliye kwenye dawa kaambiwa na daktari asiguse. Hao wakiuliza waambiwe ukweli, na ule mchuzi wa kupaka uliotiwa bia mwishoni kabisa ndo unaobakisha nyingi zaidi. Mi kwenye shughuli zangu sahani yenye bia ina karatasi mbele yake, imeandikwa, na pembeni kuna paja lingine la nanasi na tangawizi, na hakuna mteja aliyewahi kununa. Kuna majiko ya kitimoto huku mjini yanamwagia bia kila kitu yanasema ni siri ya jikoni, sasa siri gani hiyo unamlisha mtu asichotaka.

Kwa wachomaji nao, kabla hamjanishambulia kwamba nawaharibia biashara, bia ina kazi nzuri kwenye mkaa. Mwaka 2014 zilichapishwa kazi za watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walilowesha nyama ya nguruwe kwenye bia masaa 4 kisha wakaichoma kwenye mkaa, na ile iliyolowekwa kwenye bia nyeusi ilikuwa na zile kemikali za moshi zinazohusishwa na saratani pungufu kwa zaidi ya nusu, bia za kawaida zilipunguza kidogo tu. Kwa hiyo aliye na jiko la kitimoto na chupa ya bia nyeusi ana la kufanya asubuhi kabla wateja hawajaja, mradi aandike kwenye menyu.

Ninachoomba ni kidogo. Mkiyarudia yale mapishi Desemba watu wakipanda nyumbani kwa Krismasi, na najua mtayarudia kwa sababu picha ilikuwa nzuri, wekeni juu kabisa kama ham ni ya kiwandani iliyoiva au ni paja bichi, wekeni nyuzi za joto badala ya dakika peke yake, ile sentensi ya pombe yote inaruka itoeni, na picha mpige ya paja la bucha lililoiva, na ukijivu wake. Nguruwe ntawatafutia mimi, mpiga picha aje na kisu.

Mpishi wa shughuli,
Majengo, Moshi