Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa TEHAMA: tovuti yako inanilisha, ila irekebishe

Mkurugenzi, shikamoo. Taasisi yako siitaji, ukisoma utajijua mwenyewe.

Mimi nina steshenari, natoa kopi, naprinti, nafanya laminesheni, ila siku hizi hela ya maana siipati kwenye kopi, naipata kwa kujazia watu fomu yako ya mtandaoni. Yaani mtu ana simu ya tachi, bando analo, kusoma anajua, WhatsApp anaposti mpaka status, lakini akifika kwenye tovuti yako anakuja kunilipa mimi.

Tuanze na tarehe ya kuzaliwa maana hapo ndo penye kesi. Ukibofya inafunguka kalenda, imesimama mwezi huu tulionao, na njia pekee ya kurudi nyuma ni kamshale kadogo kanakorudi mwezi mmoja mmoja, kuandika mwenyewe haikubali. Mzee aliyezaliwa 1961 abofye zaidi ya mara mia saba jamani!! Na kichekesho ni kwamba juu yake kidogo umeshamuomba namba ya NIDA, zile tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ndo mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Sistimu imeshapewa jibu bado inauliza. Halafu namba yenyewe kwenye kadi ina vistari katikati, mtu anaiandika kama anavyoiona, fomu inakataa, haimwambii toa vistari, inamwandikia tu kwa Kiingereza kwamba kuna kosa, na akirudi juu anakuta jina, kata, namba ya simu vyote vimefutika, anaanza moja. Kutoa vistari ni kazi ya kompyuta bwana, sio ya mama muuza mboga.

Picha nayo unataka isizidi KB 200 wakati simu za kawaida zinapiga picha ya MB 3 na kuendelea, nani atampunguzia kama sio mimi? Ya mapicha ya kuthibitisha wewe sio roboti siisemi sana, ila kumwambia mtu wa huku achague mabomba ya zimamoto ya Marekani, mimi mwenyewe nilijifunzia hapo hapo.

Na ukurasa wa mbele umejaa picha za viongozi zinapishana, bando linaliwa, kitufe cha kuomba kiko chini kabisa kwa maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, juani huoni kitu.

Usiniambie watu wetu hawajui teknolojia. M-Pesa imeingia kwetu 2008 na bibi zetu wanaitumia kwenye kitochi, kwa nini? Inakuuliza kitu kimoja, unajibu, inauliza kingine, na kabla hela haijaondoka inakuonyesha inaenda kwa nani. Wala usidhani urahisi ni ushamba, ile GOV.UK ya serikali ya Uingereza iliyozinduliwa 2012 ifungue uone, maandishi makubwa meusi, mbwembwe hakuna, na 2013 ikachukua tuzo ya usanifu wa mwaka ya Design Museum ya London.

Sasa utasema mimi nalalamikia nini wakati nalipwa. Nina daftari hapa chini ya meza, limejaa pasiwedi za watu, namba zao za NIDA, majina ya mama zao, maana wakishajaziwa wanaondoka na wakitaka kuangalia majibu wanarudi kwangu. Wengine hawana imeili kwa hiyo nimewafungulia mimi na naiona yote inayoingia. Mimi silitumii vibaya, ila steshenari ziko kila kona na kila moja ina daftari lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na taarifa za waombaji wako zinalala kwenye daftari za kaunta kuu kuu kwa sababu ya kamshale ka kalenda.

Ninachoomba, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa tena, kaa na waombaji watano wa kawaida, wape simu zao wenyewe sio laptopu ya ofisini, wajaze, wewe angalia tu usiwasaidie. Na kama bajeti haitoshi kurekebisha yote, anza na kalenda, na fomu isifute alichokwisha kujaza mtu. Hivyo viwili tu wengi hawatanihitaji tena, mi nitarudi kwenye kopi zangu.